Mlango wa Simbi: Utangulizi wa Masimulizi ya Maangamizi

Kusini mwa Ghuba ya Winam, nje kidogo ya mji wa Kendu Bay, kuna ziwa la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Eneo lake ni karibu hekta 30, na mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali, lakini kina chake kinapita mita 20. Hakuna mto unaoingia humo wala unaotoka. Ziwa Victoria lenye maji matamu na samaki tele liko kilomita chache tu kutoka hapo, ilhali Simbi ni maji ya magadi, mazito kwa ukijani wa spirulina, na heroe huja kuyachuja kwa midomo yao iliyopinda. Kila mgeni anayesimama ukingoni huuliza shimo hili limetoka wapi.

Wenyeji wa eneo hilo la Karachuonyo, ambao ni Waluo, humjibu kwa hadithi. Wanasema hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa mvua watu wa kijiji hicho walikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akatokea bikizee, amelowa chapachapa, akapiga hodi na kuomba mahali pa kuota moto na chochote cha kutia tumboni. Walevi wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamkalisha karibu na meko na kumlisha. Bikizee alipokwisha kupata joto akamwambia mwenyeji wake amwite mumewe, watoke kijijini usiku huo huo. Mume alikuwa amenogewa na pombe, akakataa kuondoka. Mama akatoka. Mvua ikazidi, maji yakapanda kutoka chini, kijiji kikazama na watu wake na ngoma zao. Simulizi hubadilika kutoka boma hadi boma: pengine mama anatoka na watoto, pengine bikizee anamtangulia njiani, pengine karamu ni ya mkuu wa kijiji mwenyewe. Lakini kubisha hodi hakukosekani, na kufukuzwa pia.

Dalili, mwonyaji, wakubwa wasiosikia, pigo la maumbile, na yule mmoja aliyeponea: hayo yote yamo katika hadithi hii fupi, na ndiyo hayo hayo ambayo filamu kubwa za maafa huyapanga kwa saa mbili na kwa mamilioni ya dola. Karibu basi, msomaji, katika fani inayoyachunguza masimulizi ya maangamizi. Humu hukutana watu wa fasihi simulizi, wa filamu, wa jiolojia na wa historia, kila mmoja na zana zake, wakiuliza jinsi binadamu wanavyosimulia siku ambayo ardhi, maji au moto ulimeza makazi yao. Nimefundisha somo hili kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo wangu, na ni vyema niuweke wazi mapema: katika simulizi lolote la maangamizi, tafuta mlango kabla hujatafuta wimbi. Angalia ni nani aliyebisha hodi, nani aliyefungua, na nani aliyefungiwa nje. Wimbi huvutia macho, lakini maana ya simulizi hukaa mlangoni.

Wengi huingia katika fani hii kupitia filamu, nami siwalaumu. Filamu za maafa zina umri unaokaribia ule wa sinema yenyewe. Tarehe 8 Mei 1902 mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique ulilipuka na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre pamoja na watu wapatao 28,000. Mwaka huo huo Georges Méliès, akiwa Ufaransa, alitengeneza mlima wa kuigiza na kuupiga picha ukitoa moshi na moto, kwa sababu watu walitaka kuona kwa macho yao jambo walilolisoma gazetini. Mwaka 1933 filamu ya Deluge iliigharikisha New York. Mwaka 1973 Japani ikatoa Nihon Chinbotsu, iliyotokana na riwaya ya Sakyo Komatsu, ambamo nchi nzima inazama baharini. Mwaka uliofuata Earthquake ikaiporomosha Los Angeles, na kumbi zilizofungwa mfumo wa Sensurround zikawatetemesha watazamaji vitini kwa spika za sauti nzito. Kompyuta zilipoingia studioni hapakuwa tena na jiji lisiloweza kubomolewa: The Day After Tomorrow mwaka 2004, filamu iitwayo 2012 na Haeundae ya Korea Kusini mwaka 2009, San Andreas mwaka 2015.

Insha ya kusoma kwanza kuhusu filamu hizi ni ya Susan Sontag, iliyotoka mwaka 1965. Alikuwa akizungumzia hasa filamu za kubuni za kisayansi za miaka ya 1950, lakini alichokiona kinazihusu na hizi za sasa. Alisema filamu hizo hutupa raha ya kutazama uharibifu, na kwa kufanya hivyo hutuzoesha mambo ambayo hayapaswi kuzoeleka. Namkubali nusu. Ni kweli kwamba kamera ya maafa hupenda kupaa. Inaliona jiji kutoka juu, mahali ambapo mtu mmoja ni nukta, na nukta haina jina. Lakini Sontag alitazama zaidi uharibifu wenyewe, nami ninawaomba wanafunzi wangu watazame dakika zinazoutangulia na zinazoufuata.

Katika Earthquake, kijana mmoja msaidizi katika taasisi ya matetemeko anapiga hesabu na kuona kwamba tetemeko kubwa linakuja. Wakubwa wake wanasita, wakihofia kuzua taharuki. Katika The Day After Tomorrow mwanasayansi wa hali ya hewa anamwonya Makamu wa Rais wa Marekani, naye anampuuza kwa hoja za uchumi. Huyo ni bikizee wa Simbi aliyevaa koti na tai. Kisha filamu hiyo inafanya jambo ambalo hadithi ya Kendu haikulifanya. Baridi inapoifunika Marekani, Wamarekani wenyewe wanakimbilia kusini, wanavuka mto Rio Grande, na Meksiko inafunga mpaka. Unafunguliwa tu baada ya Marekani kukubali kufuta madeni ya Amerika ya Kilatini. Aliyezoea kufungua na kufunga mlango sasa yuko nje, amelowa, anabisha hodi. Wapo wanaoicheka filamu hiyo kwa sayansi yake, na wana haki, maana barafu haiwezi kuteremka kwa kasi ile. Hata hivyo sijaona filamu nyingine ya Hollywood iliyoligeuza swali la ukarimu kwa ujasiri kiasi hicho.

Katika 2012 mlango ni wa chuma. Serikali tajiri zimejenga safina kwa siri, na kiti kimoja kinauzwa kwa euro bilioni moja. Dakika za mwisho umati unaachwa nje ya lango, na mjiolojia Adrian Helmsley, anayeigizwa na Chiwetel Ejiofor, anawasihi viongozi wafungue. Wanafungua. Halafu, maji yanapotulia, tunaambiwa kwamba Afrika imeinuka, milima ya Drakensberg sasa ndiyo kilele cha dunia, na safina zinaelekea huko. Bara zima linakuwa kimbilio, wala hakuna Mwafrika wa huko anayeonekana akiulizwa kama yuko tayari kupokea wageni. Kwangu mimi kimya hicho ni jambo la kuandikiwa tasnifu. Nihon Chinbotsu ilikuwa imelichukulia swali hilo kwa uzito zaidi: sehemu kubwa ya simulizi lake ni mashauriano na mataifa mengine juu ya nani atawapokea Wajapani zaidi ya milioni 100, na kwa masharti gani.

Sasa tuteremke kutoka skrini hadi ardhini, kwa sababu fani hii haikubali kuishia kwenye picha. Ukisimama Kendu Bay na kutazama magharibi utaona Mlima Homa, wenye urefu wa mita 1,751. Ni volkano ya kale ya aina adimu, ambayo mawe yake mengi ni kabonatiti. Jamaa yake aliye hai ni Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, volkano pekee inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo siku hizi. Binadamu na watangulizi wao wameishi chini ya Mlima Homa tangu enzi. Huko Kanjera yamepatikana zana za mawe za miaka milioni mbili hivi iliyopita, na zile za Nyayanga, zilizotangazwa mwaka 2023, zinakadiriwa kuwa na umri kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Chemchemi za maji moto katika vilima vya Homa zinaonyesha kwamba joto la chini bado halijaisha.

Simbi ni mtoto wa mlima huo. Wajiolojia huliita shimo la mlipuko: joto lililopanda kutoka chini lilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, nao mvuke ukainua udongo na miamba iliyoufunika kama sufuria inavyorusha kifuniko. Baada ya mlipuko wa aina hiyo hubaki tundu la mviringo lililozungukwa na ukingo wa majivu na vipande vya mawe, kisha maji ya chini na ya mvua hulijaza. Maji yasipokuwa na pa kutokea, jua huyapunguza na kuacha chumvi na magadi. Ndiyo maana Simbi ina ladha yake peke yake ingawa ziwa kubwa liko jirani.

Je, hadithi ya kijiji kilichozama ni kumbukumbu ya mlipuko huo? Hapa ndipo wageni wengi wa fani hii hukimbia kabla ya kujifunza kutembea. Mwaka 1973 mjiolojia Dorothy Vitaliano alichapisha kitabu, Legends of the Earth, kilicholieneza jina la jiomitholojia kwa uchunguzi wa hadithi za kale zinazobeba habari za matukio ya kijiolojia. Tangu hapo imepatikana mifano ya kustaajabisha. Kaskazini mwa Queensland, Australia, kuna maziwa ya mlipuko yanayofanana sana na Simbi: Eacham, Barrine na Euramoo. Mwaka 1964 mwanaisimu R. M. W. Dixon alirekodi kwa wenyeji hadithi ya vijana wawili waliovunja mwiko, ardhi ikatetemeka na kupasuka, watu wa kambi wakamezwa, na maziwa yakatokea. Msimulizi aliongeza kwamba wakati huo hapakuwa na msitu mahali hapo, bali vichaka tu. Leo kuna msitu mnene wa mvua. Baadaye uchunguzi wa chavua za kale ulionyesha kwamba msitu huo kweli ni wa baadaye kuliko milipuko, na milipuko yenyewe ina maelfu ya miaka.

Jambo hilo dogo kuhusu vichaka ndilo kipimo changu. Shimo na maji yake mtu yeyote anaweza kuyaona na kuyatungia hadithi. Lakini hadithi ikitaja kitu ambacho mtazamaji wa leo hawezi kukibuni kwa kuangalia, basi ina haki ya kuitwa shahidi. Nikiipima hadithi ya Simbi kwa kipimo hicho, naona inataja mvua na maji yanayopanda kutoka chini, wala haitaji majivu, mawe yanayoruka, wala ngurumo ya ardhi. Anayetaka kuitetea kama kumbukumbu atasema mvua ile ni tope na mvuke wa mlipuko uliokwisha kulainishwa na vizazi vya wasimulizi. Inawezekana. Lakini historia inamwekea kikwazo. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Waluo wa kusini, alionyesha kwamba mababu wa Waluo waliingia Nyanza kwa mawimbi kuanzia karne ya 15 au ya 16, na upande wa kusini wa ghuba ulikaliwa baadaye zaidi. Kama kuna jicho lililouona mlipuko, kumbukumbu yake ilibidi ihame kutoka lugha hadi lugha kabla ya kufika katika Dholuo, lugha ya Waluo. Mimi naegemea upande wa wale wanaosema kwamba wasimulizi walilikuta shimo, wakalipa sababu, na sababu waliyoichagua ndiyo hazina yenyewe. Wangeweza kumlaumu joka, vita, au mwiko uliovunjwa, kama kule Queensland. Wao walichagua mlango uliofungwa.

Kabla sijalifafanua hilo, neno moja kuhusu Kamerun, maana lisiposemwa mwanafunzi anaweza kudhani kwamba hadithi za maziwa ni mapambo tu. Usiku wa 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos, nalo ni ziwa la shimo la volkano, lilitema kaboni daioksaidi iliyokuwa imeyeyuka katika vilindi vyake. Watu zaidi ya 1,700 walikufa usingizini na njiani, pamoja na mifugo yao. Mwanaanthropolojia Eugenia Shanklin, aliyekuwa ameishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wakom wa nyanda za juu za huko, aliandika baadaye kwamba jamii za huko zilikuwa na hadithi nyingi za maziwa yanayohama, yanayolipuka na kuua, na kwamba baadhi yao zilikuwa na desturi ya kujenga makao yao mbali na maziwa. Hadithi ya Wakom inasimulia mfalme aliyejitoa uhai kwa kulipiza kisasi cha watu wake. Maji ya mwili wake yakawa ziwa lenye samaki, na adui walipoingia kuvua, ziwa likaporomoka pamoja nao.

Turudi kwa bikizee. Katika utamaduni wa Waluo wa zamani watoto hawakulala na wazazi wao. Wasichana, na wavulana wakiwa wadogo, walilala katika nyumba iitwayo siwindhe, chini ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. Huko ndiko walikosikia hadithi, vitendawili, nasaba, na mambo ya mwili na ndoa ambayo baba na mama hawakuyasema. Mwanahistoria David William Cohen aliandika mwaka 1985 insha nzuri juu ya historia inavyoonekana kutoka mlangoni mwa pim. Mojawapo ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba pim mara nyingi alikuwa ametoka kwingine. Hakuwa wa ukoo wa wenye boma. Alikuwa mjane au mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, aliyepokewa na kupewa kazi ya kulea.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Aliyesimulia habari za bikizee mgeni aliyefukuzwa usiku wa mvua alikuwa, mara nyingi, bikizee mgeni aliyepokewa. Watoto waliomsikiliza walilala chini ya ulinzi wake, na mvua ya Nyanza ilikuwa ikipiga paa la nyasi. Aliposema kwamba waliomfungia mlango yule bikizee walizama, hakuwa akitoa somo la adabu la jumla tu. Alikuwa akisema habari ya nafsi yake, habari ya haki ya mtu asiye na ukoo kupata moto na chakula, na alikuwa akiwaambia wale ambao kesho na keshokutwa wangekuwa wenye milango. Katika kazi zote nilizosoma juu ya filamu za maafa, sijakuta mahali ambapo nafasi ya msimulizi inalibeba simulizi kwa namna hii. Mwongozaji wa Hollywood hana hatari ya kufukuzwa kwenye baridi. Pim alikuwa nayo.

Soma pia hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare, inayosimuliwa Gwassi, magharibi zaidi katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Mvuvi maskini anamvua bikizee ziwani kwa wavu wake, anampeleka nyumbani, na utajiri wa ng'ombe unafuata. Siku moja anarudi amelewa, anamtukana. Bikizee anarejea ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kuku wote wanamfuata majini. Ni pombe tena, mlango tena, na mwanamke mzee mwenye nguvu za maji. Zinapotiwa mizani pamoja, hadithi hizi mbili zinatuonyesha kwamba watu wa mwambao huu walikuwa na fikra iliyokomaa: maji hutoa na maji hutwaa, na mizani iko mkononi mwa yule mtu ambaye jamii humwona hana thamani. Asenath Bole Odaga, mwandishi na mtafiti aliyeanzisha shirika lake la uchapishaji mjini Kisumu, aliitolea hadithi ya Simbi tamthilia, na hiyo ya Nyamgondho pia akaichapisha katika Dholuo. Kitabu chake cha fasihi simulizi, Yesterday's Today, cha mwaka 1984, bado ninakipendekeza kwa yeyote anayetaka kwenda kurekodi wazee.

Swali linaloulizwa kila mwaka darasani ni kama hadithi ya Simbi haikunakiliwa kutoka Biblia. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu, mwaka 1906, na Sodoma ni mji ulioangamizwa baada ya wageni kudhulumiwa, ambapo mwenyeji mmoja mkarimu anaambiwa atoke na jamaa yake. Uislamu nao una mizizi Kendu Bay, na kisa cha kaumu ya Lut kimo katika Kurani. Ufanano upo, na nina hakika kwamba wasimulizi wa karne iliyopita wamezisikia habari hizo na kuziacha zigusane na zao. Lakini hadithi ya mgeni anayewapima wenyeji imeenea mno kuliko njia za wamisionari. Ovid, mshairi wa Roma, aliandika habari za Baukis na Filemoni, wazee maskini waliowapokea miungu waliojificha kama wasafiri, huku majirani waliowafungia milango wakimezwa na maji. Kwa hiyo badala ya kuuliza nani alimwibia nani, napenda kuuliza Simbi ilibadilisha nini. Katika Sodoma mwenyeji mkarimu ni mwanamume, na mkewe ndiye anayegeuka nyuma. Huko Karachuonyo mkarimu ni mke, na mume ndiye anayebaki na kuzama.

Nimesema mengi juu ya filamu na juu ya siwindhe kana kwamba ni dunia mbili. Vibanda vya video vimeziunganisha. Kenya, DJ Afro amejipatia mashabiki wengi kwa kusimulia filamu za nje katika Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye mwanaanthropolojia Matthias Krings ameandika juu yake. Sauti ya msimulizi hupanda juu ya sauti ya filamu, huwakemea wahusika, huwatetea, huwaambia watazamaji wachunge huyu na wamwamini yule. Kamera iliyokuwa imepaa hushushwa chini hadi usawa wa benchi. Mtafiti anayetaka kujua filamu ya maafa ina maana gani kwa mtazamaji wa Homa Bay asiridhike na nakala yenye sauti ya asili. Aisikilize ile iliyosimuliwa, kwa kuwa ndiyo iliyotazamwa.

Na kama anataka jiji kubwa la kweli na janga la kweli, lenye watu wanaozungumza Kiswahili, asiende mbali kuliko Goma. Mji huo wa mashariki mwa Kongo uko chini ya Nyiragongo, volkano yenye ziwa la lava kileleni. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa hilo lilivuja kupitia nyufa za ubavuni, na lava nyepesi kupindukia ikakimbia mteremkoni kwa kasi ambayo binadamu hawezi kushindana nayo. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya Goma, ikapita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza mitaa ya biashara hadi ikafika Ziwa Kivu. Watu mamia kwa maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena, ukameza vijiji na vitongoji vya kaskazini, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Ziwa Kivu lenyewe limehifadhi vilindini methani na kaboni daioksaidi kwa wingi unaoifanya Nyos ionekane kisima.

Ukisoma habari za Goma kwa macho ya Simbi, utamwona bikizee. Mnamo 2002 wanasayansi wa hapo hapo, wakiwa na vifaa vichache vilivyochakaa, walikuwa wameona dalili na kuzitoa kwa wakubwa katika mji uliokuwa mikononi mwa waasi. Mwaka 2021 kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kilikuwa kimepungukiwa fedha na kwa miezi kadhaa kilikuwa kimekosa intaneti ya kupokelea data za mitetemo. Mwonyaji alikuwa mlangoni, ila hakuna aliyempa moto wala chakula. Na mpaka wa Gisenyi ulipofunguliwa, mara zote mbili, tuliona upande ule mwingine wa simulizi, ambao kamera za kimataifa ziliutazama kwa dakika chache kisha zikarudi kupiga picha za lava.

Kendu Bay yenyewe haijasimama nje ya historia hii. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 2020 maji yalirudi katika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Fukwe, mashamba na nyumba zilifunikwa pande zote za ghuba. Huko Wang'chieng, karibu na mto Miriu unapoingia ziwani, familia zilihama, baadhi si kwa mara ya kwanza. Hakuna filamu itakayotengenezwa juu ya maji yanayopanda taratibu namna hiyo, kiasi cha kidole kwa wiki, hadi siku moja mtu anaamka na kukuta kuku wamepanda juu ya meza. Sinema inahitaji pigo la ghafla. Masimulizi ya mdomo hayalihitaji, na kwa sababu hiyo kazi ya kuyakusanya ni yetu na ni ya haraka, maana waliohama mwaka 1962 wakiwa watoto sasa ni wazee.

Basi kama umeamua kuingia, anza na watu hao. Usiende na swali la kama wanaiamini hadithi ya Simbi. Utapata jibu la adabu na hutapata kitu. Omba wakusimulie maji yalivyokuja, walitoka na nini, walilala kwa nani usiku wa kwanza, na yule aliyewapokea alisema nini. Simbi itatajwa yenyewe ikihitajika, na utakapoisikia ikitajwa andika imetajwa mahali gani katika maelezo: kabla ya maji, au baada ya kulala kwa jirani. Rekodi katika Dholuo kama ndiyo lugha ya msimulizi, hata kama utaandika kwa Kiswahili. Andika pia ni nani waliokuwa wamekaa wakisikiliza, hasa watoto. Na nakala ya kwanza ya rekodi hiyo, kabla haijafika chuoni wala kwenye kompyuta ya mtu yeyote, mwachie msimulizi mwenyewe, au mjukuu wake mwenye simu ya kuihifadhi.